Ukurasa wa Mkono wa Kulia

Miaka ile wanunuzi binafsi walipoingia kwenye pamba, ghala la ushirika pale Bariadi lilibaki na popo na harufu ya mbegu. Mfadhili mmoja akatoa fedha, kamati ya wazee wa makanisa ikaundwa, na ghala likageuzwa ukumbi wa maonyesho ya picha kuhusu mwanga na imani. Mchoraji alikuwa mama mmoja wa Nkoma, aliyejulikana kwa kuandika mabango ya maduka mapya. Mimi nilikuwa na taipureta, mkasi, gundi na mdomo, kwa hiyo kazi ya kupanga kitabu cha maonyesho nikaipata mimi.

Kitabu cha mwanga, wino mweusi peke yake. Rangi kamati haikuiweza. Nilimweleza mchoraji kwamba katika uchapaji wa namna hiyo mwanga ni ile sehemu ya karatasi tusiyoigusa. Akaniuliza kama sehemu hiyo pia nitaitoza. Nikajua nimekutana na mwenzangu.

Alichora koroboi mezani kwa katekista, dirisha la kanisa kule Ipililo, mishumaa. Na baba yake, amesimama mlangoni alfajiri, anatema maji kuelekea jua linakochomoza, akisema na masamva, wazee waliotangulia. Baba huyo alikufa bila kupigwa picha hata moja. Michoro yenyewe ilikuwa imeahidiwa mfadhili, yote ingeondoka baada ya maonyesho. Katika kitabu kizima mama yule alikuwa anataka ukurasa mmoja tu, huo wa baba yake.

Kurasa zilikuwa kumi na sita. Nilihesabu mara mbili, maana karatasi moja ikikunjwa inazaa kurasa nne, na ukikosea moja zote zinahama. Salamu za mwenyekiti wa kamati nilikuwa nimeziweka ukurasa wa pili, upande wa kushoto. Akakataa. Mtu mzima, alisema, hapokelewi kwa mkono wa kushoto. Nikamhamishia wa tatu, kulia, akaridhika.

Karatasi ziliporudi kutoka mtamboni Mwanza, kabla hatujazikunja, mwenyekiti alikuja dukani kwangu kuzikagua. Mchoraji alikuwepo. Mzee akatupa mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, akavaa miwani, akakutana na yule anayetema maji. Alisema yeye ni mzee wa kanisa na kitabu chenye salamu zake hakiwezi kubeba matambiko. Ukurasa huo uchanwe.

Mchoraji aliweka kiganja mezani, karibu na karatasi, bila kuigusa.

Nikakunja karatasi moja mbele yao. Ukurasa wa tatu ukalala upande mmoja wa mkunjo, wa kumi na nne, wa baba yake, upande wa pili. Pini inakaa katikati. Ningependa kujisifu kwamba nilipanga hivyo, lakini ni hesabu tu.

"Nikimchana huyu, mzee wangu, salamu zako hazina pa kushikiliwa. Mtu akifungua tu, zinaanguka chini."

"Nirudishe ukurasa wa pili."

"Umeshachapwa huo. Mwanza tunarudi kwa mfuko wako, si wa mfadhili."

Akaigeuza karatasi, akaikunja mwenyewe, akaikunjua. Akauliza kuhusu kubandika karatasi nyeupe juu yake. Nikasema gundi hukunjamana, watu wataubandua kwanza ule ukurasa kabla ya kusoma nyingine. Akamgeukia mchoraji, akamwita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, huyu ni nani kwako?"

"Ni baba."

Mzee akavua miwani. "Basi abaki. Lakini hayo maandishi chini yake, jina na hayo mambo ya masamva, yafutwe."

Mchoraji akakubali kabla sijaanza kupatana. Alifuta mwenyewe, nakala kwa nakala, kwa brashi yake ya mabango, mstari mweusi ulionyooka.

Siku ya ufunguzi watu wa Nkoma walijaa ghalani. Walifunua kitabu polepole, wakapita mishumaa, wakapita dirisha. Walipofika ukurasa ule, mmoja baada ya mwingine, walimtaja yule mzee anayetema maji kwa jina lake na la baba yake, kwa sauti ya kawaida, kama wamekutana naye njiani. Mwenyekiti alikuwa amesimama hapohapo.