Mkono Uliomngojea Dokta

Mama yangu hakuwa mtu wa kutii. Hakumtii mama mkwe wake, hakumtii chifu wa mtaa, na baba alikuwa amekata tamaa kabla mimi sijazaliwa. Katika Rugenge nzima, mtaa wetu wa Uvira, ni mtu mmoja tu aliyeweza kumwambia kaa, naye akakaa: muuguzi wa kituo cha afya. Sote tulimwita Dokta, kwa sababu dokta wa kweli hatukuwahi kumwona. Alitupokea sisi watoto watano tulipozaliwa, na kwa mama hilo lilitosha.

Basi mama alipoteleza ziwani akiosha sufuria na kuvunjika mkono wa kulia, Dokta ndiye aliyeufunga. Aliutia platre, ile jasi nyeupe inayokauka ikawa jiwe, kuanzia kiganjani hadi juu ya kiwiko, mkono ukiwa umekunjwa. Akachukua kalamu ya bluu akaandika juu yake tarehe mbili, ya kufunga na ya kufungua, wiki sita baadaye.

"Mama, mutu mungine asiifungule," alisema. "Miye mwenyewe ndiyo nitaifungula."

Nadhani alisema hivyo kwa ajili ya baba, ambaye kila kitu kigumu alikiendea na panga.

Kazi ya kusonga bugali ikaniangukia mimi. Bugali wa mama ulijulikana mpaka nyumba za jirani, umekaza vizuri na hauna hata chembe ya unga mbichi. Wangu ulikuwa na mabonge. Ndugu zangu waliyatoa mdomoni moja moja na kuyapanga ukingoni mwa sahani ili niyaone vizuri. Mama aliniambia nivumilie, wiki sita si miaka.

Siku tatu kabla ya tarehe ya kufungua, vita viliingia mjini. Dokta akakimbilia Burundi, sisi tukashika njia ya Luberizi kwa shangazi. Kwenye kizuizi askari mmoja alimsimamisha mama akaigonga platre kwa vidole.

"Mama, mule ndani munaficha nini?"

"Mukono."

"Mukono gani iko nguvu hivi?"

"Gonga tena," mama akamwambia. "Kama iko mutu, atakuitikia."

Nilijua tumekwisha. Askari alimtazama, akacheka, akatuachia njia. Baba alitembea mbali naye mpaka tulipofika.

Tarehe ilifika, ikapita. Pale Luberizi palikuwa na muuguzi mwingine, kijana mpole, akasema platre imepitiliza muda na yuko tayari kuikata. Mama akakataa. Kwetu mgonjwa hamwachi mganga wake katikati ya matibabu akaenda kwa mwingine bila kumuaga. Ni sawa na kutangaza sokoni kwamba mganga huyo hajui kazi. Baba alikuja na panga, kama tulivyotarajia.

"Weye na panga yako mwende mukakate miwa," mama alimwambia.

Hata mimi nilimsihi, maana mabonge yalikuwa yamenichosha. Lakini sikumsihi kwa nguvu. Na mimi nilimwamini Dokta, na hilo linanikera mpaka leo.

Mpunga ulipandwa tukiwa pale, ukavunwa tukiwa pale. Mama alijikuna ndani ya platre kwa kijiti cha ufagio, na kwa upande wa nje akavunjia karanga, akajisifu kwamba vita vimempa kifaa kizuri. Tulicheka sana. Mle ndani mkono ulikuwa unakauka, na hatukujua.

Tuliporudi Uvira tulisikia kwamba Dokta naye amerudi. Mama alifurahi kama anayekwenda harusini. Lakini asubuhi ya kwenda kwake aliniita nyuma ya nyumba akanisogezea ile platre.

"Pakaa matope hapa."

Alinionyesha pale penye tarehe.

"Kwa nini, mama?"

"Ataona haya. Mutu ametoka mu bukimbizi sasa hivi, unataka umupe haya?"

Nikapaka.

Kituoni milango ilikuwa imeibwa, na msumeno wa kukatia platre pia. Dokta alikuwa amekonda. Hakukumbuka tarehe aliyoandika, akauliza siku ngapi zimezidi.

"Kidogo tu, Dokta. Wiki mbili hivi."

Akaleta beseni la maji ya moto kidogo, akatumbukiza mkono ili platre ilainike. Wajanja wawili sisi, hatukuwa tumefikiria maji. Matope yaliyeyuka na mwandiko wake wa bluu ukatokea. Aliusoma, akausoma tena.

"Mama, uliningojea," alisema.

"Si ulisema ni weye utaifungula?"

Platre ilitoka vipande vipande. Mkono uliokuwa ndani ulikuwa mwembamba kama wa mtoto, na kiwiko kilikataa kunyooka. Dokta alikivuta taratibu na mama akapiga ukelele ambao hakuupiga hata siku risasi zilipoingia mjini. Mfupa umeunga vizuri sana, Dokta alisema, akarudia mara mbili. Kweli ulikuwa umeunga. Kilichoulemaza mkono wa mama ni ile dawa yenyewe, platre iliyokaa mno. Nilimkasirikia Dokta, na mama nikamkasirikia zaidi.

Kuanzia hapo Dokta alikuja kwetu kila alasiri kuunyoosha. Mama alimtukana kwa Kifuliiru tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akamlazimisha abaki kula. Kiwiko kilisogea kidogo, kikagoma. Ilipita miezi, na siku moja Dokta aliuachilia mkono polepole, akasema hautafika zaidi ya hapo, mwiko hautaushika tena. Akaomba msamaha akitazama chini.

Kwa mkono wa kushoto mama alimsogezea sahani ya bugali wangu. Dokta akamega, akatafuna, akasita, akatoa bonge mdomoni na kulishika kwa vidole bila kujua aliweke wapi.

"Kula, Dokta," mama akasema. "Hayo mabonge ni ya kwako."

Akalirudisha mdomoni, akalimeza.