Filta ya maji niliyompelekea mgonjwa ikaishia kuvalishwa kitambaa sebuleni

Wakuu, habari za saa hizi.

Niko Tunduma, kazi yangu ni clearing, kutoa mizigo ya watu forodhani hapa mpakani. Leo foleni ya malori haisogei na mfumo uko chini, kwa hiyo nina muda. Ninachosimulia ni kweli tupu. Anayebisha aje nyumbani kwetu Ndalambo nimwonyeshe kabati lenyewe.

Baba yangu aliumwa kichwa muda mrefu. Tukadhani malaria, tukadhani presha, majirani wakadhani mambo yao. Mwisho akapewa rufaa kwenda Mbeya, wakampima maji ya uti wa mgongo, wakasema ni fangasi na wamefika kwenye ubongo.

Najua mtu akisikia fangasi anafikiria vidole vya miguu. Hata mimi nilimuuliza daktari kama kuna dawa ya kupaka. Aliniangalia tu akaendelea kuandika.

Alilazwa, akapata nafuu, akaruhusiwa na vidonge vya kutumia nyumbani. Maelekezo yalikuwa mawili. La kwanza, dozi. Mwanzoni vidonge vingi, baadaye vinapunguzwa, halafu anaendelea na vichache kwa miezi mingi hata kama anajiona mzima. Anayepunguza ni daktari peke yake.

La pili, maji. Kinga yake ilikuwa chini, na daktari alisema akiharisha hovyo dawa haitakaa mwilini. Kisima chetu kile mvua ikinyesha maji yanafanana na chai ya maziwa.

Basi nikamtafuta jamaa mmoja hapa mjini anaitwa Simbeye, fundi wa mashine za maji. Akaniuzia filta ya ndoo. Unamimina maji juu, yanapita kwenye utando wa plastiki uliotengenezwa kama mirija myembamba kuliko uzi wa kushonea, wenye vitundu ambavyo macho hayaoni. Maji yanapita, vijidudu vinabaki. Haitumii umeme wala dawa.

Nikaipeleka nyumbani mwenyewe. Mama alifurahi mpaka akaita majirani. Siku hiyohiyo akaipangusa, akaivalisha kitambaa cheupe cha kufuma, akaiweka sebuleni pembeni ya kabati la vyombo. Nikaondoka moyo mweupe.

Nilikuwa napiga simu kila mara. Mama, maji mnachuja? Tunachuja, mwanangu. Baba anameza dawa? Anameza.

Wakuu, hakunidanganya hata kidogo. Shida ilikuwa maswali yangu.

Baada ya muda Baba akaanza kuharisha. Halafu akasema kichwa kimerudi. Hapo mimi mwenyewe nikapata homa bila kuumwa. Nikaacha mzigo wa watu mpakani nikaenda.

Nimefika, nikamkuta Mzee amekaa uani, amepungua, shati linamning'inia. Pembeni yake jagi la plastiki na kikombe cha bati. Nikaomba maji. Mama akasema subiri, wewe umetoka safari, nikupe ya sebuleni.

Ya sebuleni.

Akavua kile kitambaa kwa adabu zote, akafungua koki. Koki ikakohoa. Likatoka tone, tukasubiri, likatoka lingine. Mama akasema imezoea hivyo, mara ya mwisho ni mchungaji alipokuja, na yeye alisubiri kidogo.

Nikauliza Baba anakunywa maji gani. Akanionyesha jagi la uani. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza chumvi iko wapi: "Baba yako si mgeni."

Nikampigia Simbeye palepale. Akauliza imekaa bila maji muda gani. Nikamwambia toka mchungaji. Akashusha pumzi. Akasema ule utando ukishalowana hautakiwi kukauka. Ukikauka, hewa na chumvichumvi za kisima zinaziba vile vitundu, na maji yanagoma kupita. Akasema filta ya hivi ukiitunza sana ndiyo unaiua, inataka itumike kila siku. Akasema kwa mgonjwa yeye asingeuamini tena huo utando, atatuma mwingine kwenye gari za Ndalambo, na kwa sasa Mzee anywe maji ya kuchemsha.

Nikaenda kabatini kuchukua glasi. Kuna lile bakuli la sukari la udongo lenye maua, lipo tangu sijaanza shule na sijawahi kuona sukari ndani yake. Sijui kwa nini nililifunua.

Ndani kulikuwa na vidonge vya Baba.

Sikupiga kelele. Nikakaa nalo kwenye kochi la wageni. Nikamuuliza Mama ni nini hiki. Akasema ni akiba. Baba akionekana ana nguvu alikuwa anampa pungufu, vinavyobaki anahifadhi. "Ugonjwa ukirudi usiku, wewe uko Tunduma, mimi nitakimbilia wapi?"

Kabla hamjamtukana mama yangu, nisikilizeni. Huyu mama amekulia bondeni Momba, miaka ambayo mvua ilikuwa inakuja inapotaka. Kwao mahindi ya mbegu yalikuwa yananing'inia juu ya moto jikoni, na watoto wanalala njaa wanayatazama. Mbegu hailiwi. Ndiyo maana ukoo wetu upo. Kwa mama yangu kitu kizuri hakitumiki, kinawekwa. Vidonge aliviona ni mbegu.

Tatizo ni kwamba fangasi nao walikuwa wanawekewa akiba.

Kesho yake tukampeleka Mzee Mbeya. Daktari hakugomba. Alimwambia Mama, ukimpiga nyoka fimbo moja ukamwacha aingie kwenye nyasi, umemfundisha. Mama akajibu kwamba nyoka hapigwi fimbo moja, kila mtu anajua. Daktari akasema basi, na fangasi ni hivyohivyo. Baba akalazwa upya, dozi ikaanza mwanzo, na safari hii kuna siku nilikuwa natoka wodini nasimama korido naangalia ukuta. Niliogopa sana, sifichi.

Mungu mkubwa, akatoka. Utando mpya ukawa umeshafika, nikaufunga mwenyewe. Nikaomba ruhusa kazini nikabaki nyumbani.

Siku za mwanzo Mama alichuja. Halafu nikaona jagi la uani limerudi kinyemela. Nikamuuliza, akasema anaogopa ile mpya nayo itachakaa. Nikaeleza tena mambo ya mirija na vitundu. Akaitikia kila kitu. Jioni, jagi lipo uani.

Nikakata tamaa. Aliyelitatua ni mgonjwa mwenyewe.

Asubuhi moja Mzee akaamka, akavaa koti lake la kanisani, akachukua fimbo. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka nyumba taratibu huku anashika ukuta. Nilitaka kumfuata, akanikataza kwa mkono. Akafika mlango wa mbele, ambao hajaupitia miaka kwa sababu ni wa wageni. Akabisha.

"Hodi. Mwapoleni mukwai."

Hiyo ni salamu ya Kibemba, ya watu wa ng'ambo kule Nakonde alikokuwa anauza maharage zamani.

Mama alikuwa anafagia sebule. Akasimama na ufagio mkononi, akamtazama. Nikajua sasa anachekwa mtu hapa. Hakucheka. Akauweka ufagio chini. "Karibu. Huko mtokako wazima?"

"Wazima. Ila nimetembea sana, nina kiu."

Akamkalisha kwenye kochi. Akavua kitambaa, akachukua glasi ya kabatini, akachuja. Akaenda kuleta vidonge vya asubuhi, vyote, kwenye kisahani cha maua. Akapiga goti, akampa kwa mikono miwili. Mzee akameza, akamaliza glasi, akashukuru kama mgeni anavyoshukuru.

Mama hakuinuka. Alibaki pale chini ameshika kisahani kitupu, akaanza kulia polepole. Akasema, "Vitu vyote nimewawekea wageni, na wewe ulikuwa unaniaga."

Mzee akasema bado yupo, na kwamba wageni wa Nakonde huwa wanapewa na uji.

Wakuu, toka siku hiyo kila asubuhi Baba anazunguka nyumba na kubisha hodi. Daktari amefurahia vipimo, ila ameshangaa mgonjwa amepata mazoezi wapi. Lile bakuli sasa lina sukari.

Nilichojifunza: dawa na filta vyote vinafanya kazi vikitumika. Dozi mwachie daktari, usimpunguzie mtu kwa huruma. Na wazee wako usiwaulize kama wanachuja maji, waulize anayekunywa ni nani.

Nimerudi Tunduma nikamwomba mke wangu chai kwenye vile vikombe tulivyopewa harusini. Ameniuliza anakuja nani.

Karibuni mchangie. Kwenye kabati la kwenu kuna nini?