Kompyuta ya Mwenye Eda

Aibu hii imenikuta wiki hii, ofisini kwetu Wete. Mkuu alinituma nisake viungo vya kompyuta, yaani linki, vilivyokatika katika nyaraka za mashamba ya karafuu. Nikakuta mamia havifunguki, vyote vya Bi Mize, aliyekuwa nyumbani akikaa eda ya mumewe. Nikavifuta vyote, nikatamba mbele ya wenzangu: “Nimemsafishia Bi Mize uchafu wake.”

Jana eda ilikwisha. Bi Mize akarudi, akawasha kompyuta yake, iliyozimwa tangu msiba. Nyaraka zote zilikuwa humo, nzima. Viungo vilielekea humo; havikufunguka kwa sababu mashine ilikuwa imezimwa.

“Nani kavifuta viungo vyangu? Niliviunga kimoja kimoja, kwa miaka.”

Wenzangu wakanigeukia.

“Eda nzima naingoja kazi hii, mwanangu,” akaniambia taratibu. “Nyumbani sina tena wa kumngoja.”