Yai la Koku

Enzi zetu, kule kijijini Muleba, si mbali na Rubya, hapakuwa na mtoto aliyeuliza leo tutakula nini. Ndizi na maharage, jana, leo na kesho. Mama aliketi kumenya ndizi jua likiwa bado halijapanda, vidole vyake vyeusi kwa utomvu, akazipanga chunguni juu ya maharage, akafunika kwa majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni, kisha akaenda zake shambani kulima. Mchana tulipotoka shule tulianza kusikia harufu ya majani yale tukiwa bado kwenye kona ya kwa jirani, na kuanzia hapo hakuna aliyetembea. Tulikimbia na madaftari yetu kichwani.

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka. Mapera tuliyala juu ya mti, mabichi, mpaka tumbo likafunga. Papai liliiva mtini na ndege akaonja kwanza, nasi tukala alipoachia. Sukari tuliionja Krismasi na Pasaka, na soda tuliiona mikononi mwa bibi arusi. Zikinyesha mvua za Novemba, senene, wale panzi wa kuliwa, walishuka, na alfajiri kijiji kizima kilitoka kwenda rweya, kwenye zile nyasi ndefu za kilimani, wasichana na mama zetu mbele, wameinama, sketi zimelowa umande mpaka magotini. Walirudi na vikapu vimejaa, wakaketi kunyonyoa mabawa na miguu, wakakaanga kwa chumvi. Mama alimfungia Tata, baba yetu, senene wake kwenye jani, akampelekea kwa adabu, na baada ya siku chache Tata alimnunulia kitenge. Nyumba nzima ilinukia.

Kwa miaka mingi nimesimulia hayo kwa majivuno. Kila Jumapili baada ya misa hapa Buhembe, sisi walimu wastaafu husimama nje ya kanisa tukiwasema watoto wa leo. Nina mjukuu, Alinda, ana miaka kumi na mitatu, na kwake chakula ni chipsi mayai kwenye mfuko mweusi, pamoja na juisi ya boksi ya embe ambayo nina hakika haijawahi kukutana na embe. Huwa nawaambia wenzangu: sisi tulikula vyakula vya asili, ndiyo maana tuko imara. Wote hutikisa kichwa kukubali, mmoja ameshika dawa zake za presha, mwingine ndiyo kwanza katoka kupima sukari.

Mwaka huu nimeacha kuyasema. Sababu ni dada yangu Kokugonza, ambaye tangu utoto tunamwita Koku.

Koku kanizidi miaka miwili. Aliolewa Maruku, na mumewe alipofariki akabaki kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa zake. Baada ya Pasaka alianguka akichuma maharage. Hospitalini wakamkuta na uvimbe tumboni unaotakiwa kutolewa, lakini daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, akasema hawezi kumpasua. Damu ilikuwa chini mno. Alimpa vidonge, akatupa wiki sita za kumlisha, na akasema wazi kwamba uvimbe ule hautatusubiri milele. Kisha akamuuliza Koku anasikia kizunguzungu tangu lini. "Tangu nikiwa msichana," akajibu dada yangu, kama mtu anayetaja jina la kijiji alichozaliwa.

Daktari akatueleza taratibu. Ndizi zinashibisha na zinatia nguvu ya kulima, lakini mtu hawezi kujengeka kwa ndizi tupu. Maharage yawe mengi kwenye sahani, yasiwe mchuzi tu. Mboga za majani kila siku, dagaa, maini kidogo akipata, mayai. Papai au chungwa pamoja na chakula, kwa kuwa husaidia damu kupokea kile kilichomo kwenye mboga. Na chai ya rangi asiinywe na chakula, aiache mpaka baadaye, maana inazuia. Nilikuwa naitikia kwa kichwa kama mwanafunzi, na uso unaniwaka. Mambo yale nilikuwa nayajua. Nimeyafundisha darasa la nne kwa zaidi ya miaka thelathini: vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, vya kulinda mwili. Nilichora na yai ubaoni, kwa chaki ya njano.

Sasa niwaambie lile ambalo katika simulizi zangu za nje ya kanisa nilikuwa naliruka.

Wale senene, mama na Koku hawakuwala. Waliwakamata, wakawanyonyoa, wakawakaanga, wakatuletea. Kuku alipochinjwa, walikula ndizi kwa mchuzi, na mara nyingi hata mchuzi hawakuugusa. Mayai ndiyo kabisa. Bibi yetu mzaa baba, aliyekuwa na amri kuliko Tata mwenyewe, alisema msichana akila yai atazaa mtoto asiye na nywele. Mimi nimekula mayai tangu nina meno mawili na leo kichwa changu kinang'aa kuliko sufuria, lakini wakati huo hakuna aliyewaza upande huo.

Siku moja nikiwa na miaka minane, nilirudi kutoka mafundisho ya komunyo ya kwanza nikaingia jikoni. Koku alikuwa amechuchumaa mekoni peke yake. Alikuwa amegundua kuku mmoja anatagia chini ya mti wa kahawa nyuma ya nyumba, na yai alilolichukua alikuwa amelifukia kwenye majivu ya moto. Aliponiona hakukimbia. Akasogea kidogo nipate pa kukaa, akaniambia, "Tugawane."

Mpaka leo siwezi kueleza vizuri kilichonipata. Sikuwa na njaa. Nadhani niliona kwamba kama Koku atakula yai, basi mimi si kitu tena. Nilitoka mbio mpaka barazani ambako bibi alikuwa anachambua kahawa, nikamwambia.

Bibi hakumpiga. Ingekuwa afadhali. Alikuja jikoni polepole, akalichokoa yai kwenye majivu kwa kijiti, akalimenya, akanipa mimi, akamwamuru Koku asimame palepale aangalie. Akamwambia kwamba mwizi wa chakula cha wanaume hataolewa. Nikala. Nililila lote, mbele ya dada yangu, naye ameshika mikono yake nyuma. Lilikuwa na chumvichumvi ya majivu na moshi kidogo, na katika maisha yangu sijawahi kula yai tamu kama lile. Hilo ndilo linalonitia aibu zaidi, kwamba utamu wake bado naukumbuka.

Koku hakuninunia. Jioni yake alinisaidia hesabu zangu. Nami nikasonga mbele, nikaenda sekondari, nikaenda chuo cha ualimu, nikaanza kuchora mayai ubaoni. Yeye akaishia darasa la saba, akaolewa. Mimba zake mbili za kwanza ziliharibika. Sina elimu ya kusema ni kwa nini, na daktari niliyemuuliza mwaka huu amesema hawezi kujua leo. Ninachojua ni kwamba akiwa na mimba ya tatu nilikwenda Maruku kumtembelea, akanisimulia kwamba nesi wa kliniki amemshauri ale mayai na dagaa. Alikuwa anacheka huku ananiangalia. Nimelifikiria sana jicho lile. Naamini alikuwa anasubiri kaka yake msomi aseme neno moja tu. Na mimi nilicheka pia. Nikasema manesi wa siku hizi wana mambo. Halafu akanichinjia kuku, nikapewa paja na firigisi, na yeye akakaa kwenye mkeka pembeni akila ndizi.

Basi baada ya ile habari ya wiki sita nikamleta hapa kwangu. Nilidhani kazi itakuwa kununua. Mke wangu alipika mchicha kwa karanga, dagaa wabichi wa ziwani, maini mara mbili kwa juma, papai kila mlo. Chai tukaihamishia saa kumi. Lakini Koku, akishapakuliwa, alikuwa anafanya kitu kimoja bila hata kuangalia: anachukua kijiko, anahamishia dagaa na maini kwenye sahani yangu. Mkono wake ulikuwa unakwenda wenyewe. Nikimrudishia anasema ameshiba. Nikisisitiza anasema, "Wewe ni mwanaume, waitu, ndugu yangu, kula," na anaendelea na ndizi zake kwa raha zote. Yai alikuwa hataki hata kulionja. Wiki ya pili tukaenda kupima, damu ilikuwa haijapanda chochote. Yule binti daktari hakutugombeza. Alitazama karatasi, akanitazama mimi, akasema zimebaki nne.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa mezani, na Alinda alikuwa anakula yai lake la pili, simu mkononi, kama kawaida yake. Koku akalichukua lake akaliweka kwangu. Alinda akainua macho.

"Babu, kwa nini bibi Koku anakupa wewe kila kitu?"

Mke wangu akamwambia aache maswali. Nikasema amwache. Nikaweka kijiko chini na nikamsimulia mtoto, mbele ya dada yangu, yote: majivu, bibi yetu, kijiti, na nani alikwenda kusema. Nikasimulia na kicheko changu cha Maruku. Sikumaliza kwa maneno mazuri, kwa sababu sikuwa nayo. Nilimgeukia Koku nikamwambia nimemkosea na kwamba nimechelewa miaka hamsini na kitu kumwambia.

Nilitegemea labda atalia, au atasema amesahau. Hakusema amesahau. Alinyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja chake.

"Ulikuwa mtoto, Muta," akasema. "Lakini pale Maruku ulikuwa mwalimu."

Alinda aliizima simu yake, jambo ambalo sijaliona tena tangu siku hiyo.

Niliinuka nikaenda jikoni. Sijui kupika, na mke wangu anajua hilo, lakini hakunifuata. Nilichemsha yai jingine, nikalimenya vibaya, likatoka limechubuka kama viazi vya magulio, nikalileta kwenye sahani yake peke yake na chumvi pembeni. Nikakaa, na sahani yangu nikaiondoa mezani ili asiwe na pa kulihamishia.

Ni kweli tulikula vizuri enzi zetu. Mboga ilitoka shambani asubuhi ikaliwa mchana, hatukujua vya makopo, na mafuta yalipimwa kwa kijiko. Bado namgombeza Alinda kwa chipsi zake za kila siku na ile juisi, na nitaendelea kumgombeza, kwa maana mwili wake ndio kwanza unajengwa. Lakini mtoto huyu hajawahi kuangalia mlangoni kabla ya kula yai. Ananunua kwa pesa ya nauli, anakula njiani, anajifuta mdomo kwa mkono wa sweta, anaimba. Nikimtazama namwonea wivu kwa niaba ya mtu mwingine. Sisi nje ya kanisa tunaposema "tulikula", tungetakiwa kwanza kuulizana ni nani hasa alikula, na ni nani alisimama akiangalia.

Koku alilitazama lile yai kwa muda mrefu. Akaligawa mara mbili kwa kijiko. Alinda akaacha kutafuna. Dada yangu akachovya nusu moja kwenye chumvi, akaiingiza mdomoni, akatafuna polepole sana, macho yake dirishani kwenye migomba ya jirani, akameza.

Kisha akanigeukia. Hakuwa na hasira usoni. Alionekana tu kama mtu aliyesafiri mbali kwenda kuona kitu, akafika.

"Ni hili tu, Muta?"

"Ni hilo tu, dada," nikasema.