Mjomba wa Wakili

Watu walimwita Gundi. Alikuwa fundi viatu wa miaka arobaini na moja, hana mke wala mtoto, na kituo chake cha kazi kilikuwa kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi. Wateja walisema jina hilo limemkaa mara mbili: kwa kazi yake, na kwa sababu akikushika kwa maneno hubanduki.

Aliyemshinda kwa maneno alikuwa mmoja tu, mtoto wa mdogo wake wa kike. Msichana huyo wa miaka minane alizaliwa mbishi. Ukimwambia akalale, atakuuliza sheria hiyo imepitishwa na nani. Nyumbani wakampachika jina la Wakili.

Wakili alipotoka shule alipitia kibarazani kwa mjomba wake, akavua viatu na kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwaka huo, shule zilipofunguliwa, Gundi aliona kwamba kiatu cha kushoto cha mtoto kimelika mbele, upande wa nje, mpaka nyuzi zimetokeza. Cha kulia kilikuwa kizima.

"Unapiga mawe njiani, wewe."

"Sipigi."

"Basi mpira."

"Mjomba, shahidi wako nani?"

Gundi akacheka, akapiga soli mpya. Baada ya wiki tatu kiatu kikarudi, kimelika palepale. Mtu aliyesoma soli za watu kwa miaka ishirini hamtazami mteja usoni ili ajue ana goti bovu. Gundi alijua kuwa mtoto anaburuta mguu. Alijua, akapaka gundi, akabana, akasema moyoni kwamba Jumapili atamwambia mama yake. Jumapili kulikuwa na wageni. Iliyofuata ikampita.

Miezi miwili baadaye Wakili alianguka kwenye ngazi za shule na hakuweza kusimama tena. Picha za kichwa zilionyesha uvimbe nyuma ya ubongo, chini, karibu na kisogo. Ukubwa wake, daktari alisema, ni kama wa yai la kuku. Mama yake aliketi akiitazama picha ile bila kupepesa. Mwezi mzima mtoto alikuwa akitapika asubuhi, na yeye alikuwa akimpa dawa ya minyoo.

Siku ya upasuaji walimwingiza saa mbili asubuhi. Baba yake, mchomeleaji wa mageti, hakuweza kukaa kwenye benchi. Alitoka nje akaenda kusimama kwenye lango la hospitali, akalifungua, akalifunga, akalifungua, akamwambia mlinzi kwamba bawaba imechomelewa ovyo. Mlinzi alitaka kumfukuza, akamtazama usoni, akamwacha. Ndani, Gundi alikaa na mdogo wake. Saa tisa alasiri daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi mwenye alama za barakoa mashavuni, alitoka akasema uvimbe umetoka karibu wote na mtoto anapumua mwenyewe. Mama akaanguka magotini. Walidhani yameisha.

Wakili alifumbua macho siku ya pili. Siku ya tatu alilia. Siku ya nne mama yake alimwita, akambembeleza, akamtania, akamwambia, "Bisha basi, mwanangu, nibishie kidogo." Mtoto aligeuza uso ukutani. Hakutoa neno, si siku hiyo wala wiki hiyo. Alitoa mlio mwembamba tu alipoguswa, na mkono uliokuwa ukimgusa mara nyingi kuliko yote, wa mama yake, aliusukuma.

"Hutokea kwa baadhi ya watoto wanaopasuliwa sehemu hii," daktari aliwaambia. "Wengi sauti huwarudia. Wiki kadhaa, pengine miezi. Sitawadanganya kwamba itarudi kama ilivyokuwa."

Gundi akahamia hospitali. Asubuhi alipika nyumbani kwa mdogo wake, akafua, akapiga pasi kanga za mama na shuka za mtoto, kisha akabeba viatu vya wateja kwenye kikapu na kushona kwenye benchi la korido. Wauguzi wakaanza kumletea vyao. Muuguzi mkuu alimwekea sharti moja: "Uzi ruksa. Gundi marufuku, utatulevyea wagonjwa." Ndicho kitu pekee kilichowachekesha mwezi ule.

Wiki ya pili ilipokwisha, mzigo ukamzidi. Walikuwa wawili koridoni, mdogo wake akila mkate bila hamu.

"Kile kiatu chake cha kushoto," Gundi alisema. "Nilikitengeneza mara mbili kabla hajaanguka. Alikuwa anaburuta mguu. Niliona."

Mdogo wake akaacha kutafuna. "Uliona lini?"

"Miezi miwili kabla."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuwa nitakwambia."

Alikunja karatasi ya mkate, akaikunja tena mpaka ikawa ndogo kama kidole. "Kaka, nenda nyumbani," alisema. "Leo nenda nyumbani."

Akaenda. Kabla ya kutoka alimvizia daktari mlangoni, akamuuliza kama miezi ile miwili ingebadilisha kitu. Daktari hakumficha. "Labda uvimbe ungekuwa mdogo kidogo. Labda ingekuwa vilevile. Sijui, baba."

Kesho yake alirudi na chupa ya chai. Mdogo wake aliipokea, akamimina vikombe viwili, akamsogezea kimoja. Habari ya kiatu haikutajwa tena, wala hakusema amemsamehe.

Wiki ya tano, mama alipokwenda kuoga, Gundi alibaki akimlisha Wakili supu kwa kijiko. Kijiko cha tatu mtoto alikunja uso.

"Moto," alisema.

Sauti ilikuwa nzito, ya mtu mzima aliyeamka usingizini. Gundi alitetemeka mpaka supu ikamwagikia shuka. Alipuliza kijiko, akamlisha tena, akangoja. Hakukuwa na la pili. Aliposikia hatua za mdogo wake koridoni alifungua mdomo ili apige kelele za furaha. Kisha alimwona mlangoni, nywele zinachuruzika maji, amekonda, mama aliyesukumwa mkono kwa wiki tano. Akafunga mdomo.

"Amekula?"

"Amekula kidogo. Nimeimwaga nyingine, mikono yangu hii."

Siku tatu Gundi aliishi roho mkononi, akiogopa kwamba neno lile lilikuwa la kwanza na la mwisho. Siku ya nne, alfajiri, Wakili alimtazama mama yake akasema, "Maji." Mama alilia hadi wagonjwa wengine wakaamka na kuketi vitandani. Alimpigia simu mumewe, akawapigia ndugu wote: "Neno la kwanza ameniambia mimi! Mimi!" Mpaka leo anaisimulia hivyo, na Gundi huitikia, "Kweli kabisa."

Miaka miwili imepita. Wakili anatembea kwa fimbo, akiyumba kama aliyeshuka kwenye mashua. Wenzake wako madarasa mawili mbele. Maneno yanamtoka moja moja, na shuleni wapo wanaomwiga. Jina la Wakili lilikufa lenyewe. Hakuna aliyekataza, ila hakuna aliyeweza kulitamka mbele yake. Baba yake amekuwa mtu wa kazi tu, anachomelea mpaka macho yanamwasha, na akiwa nyumbani hutazama sakafu. Kila miezi sita wanarudi kupiga picha, kwa sababu ya kile kipande kidogo ambacho daktari hakuthubutu kukigusa. Ya mwisho ilionyesha hakijakua. Daktari alisema, "Mpaka miezi sita ijayo," na hakuna aliyeshangilia.

Jioni ile ya majibu, mtoto alikaa na mjomba wake kibarazani.

"Mjomba, wa... watu wana..."

"Wanakucheka?"

Akatikisa kichwa kwa hasira.

"Wanakuonea?"

"Usini... usinimalizie!" Akavuta pumzi, macho yamejaa machozi. "Wana... nimalizia. Wote. Ma... mama. Wewe."

Gundi akaweka chini msharasi wake wa kutobolea ngozi. "Haya, mwanangu. Sema."

Ilimchukua muda mrefu. Mwenye duka alitoka, akafunga milango, akaaga. Mtoto alikuwa bado yuko katikati ya sentensi, na Gundi alikuwa anangoja, mikono mapajani.