Neno "Sisi" na Kitambaa cha Shingoni

Siku zile, mwanangu, nazikumbuka kwa harufu ya maji ya unga wa muhogo. Ndiyo yaliyokuwa yakikipa ugumu kitambaa changu cheupe cha shingoni, kile ambacho wakili hukivaa juu ya joho jeusi. Kesho nawe utakifunga kwa mara ya kwanza. Kaa hapa karibu nikwambie habari yake.

Nilikuwa kijana, nimepanga chumba mtaa wa Bwiza, na vita vilikuwa vimeshatuzoesha kulala mapema. Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, alikuwa Mama Espe, mjane aliyekimbilia kwetu baada ya nyumba yake kuchomwa moto na mumewe kufia humo. Aliishi kwa kufua na kupiga pasi nguo za watu. Kitambaa changu hakukitoza kitu. Alikitia maji ya muhogo, akakinyoosha kwa pasi ya makaa mpaka kikasimama chenyewe. Alisema wakili mwenye kitambaa kilicholegea hata hakimu humsikiliza nusu.

Basi akakamatwa mheshimiwa mmoja wa Kiriri, mtaa wa wakubwa kule mlimani. Ilidaiwa kwamba hotuba zake ndizo zilizowatuma vijana kuchoma nyumba, zikiwemo za mtaa alikotoka Mama Espe. Mawakili wakubwa walimkwepa. Mmoja aliugua ghafla, mwingine akasafiri kwenda kumwona shangazi ambaye hatukuwahi kumsikia. Kesi nikaichukua mimi. Sikudanganyi: nusu yangu iliamini kwamba kila mshtakiwa anastahili mtu wa kumsemea, na nusu nyingine ilipenda lile gari lililoshuka kutoka Kiriri kunifuata, Bwiza nzima ikitazama. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Nilimwambia Mama Espe mwenyewe. Akasema kazi ni kazi, akachukua kitambaa kwenda kukifua.

Na yule mheshimiwa, usidhani nilimkuta simba. Gerezani nilimkuta mzee aliyevaa viatu visivyo na kamba, swali lake la kwanza likiwa kama mama yake amekula. Nilimhurumia, na huruma ile sijaijutia hadi leo. Mtaani waliniita wakili wa wachomaji, na asubuhi moja nikakuta mlango wangu umepakwa kinyesi. Nikaosha, nikaenda kortini.

Kosa langu lilitokea siku ya kwanza ya kusikilizwa. Sisi mawakili tuna desturi tuliyoirithi pamoja na Kifaransa: tunapomsemea mteja, tunasema "sisi". Nikasimama nikasema, "Sisi hatukumtuma mtu yeyote achome nyumba." Mkalimani akaligeuza kwa Kirundi kwa ajili ya watu waliojaa nyuma: *twebwe*, sisi tulio kundi moja. Nikapendezwa na sauti yangu, nikalirudia, sijui mara ngapi. Nilipogeuka nikamwona Mama Espe kwenye benchi la mwisho. Alikuwa ananitazama kama mtu asiyenijua.

Jioni nilikuta kitambaa changu cha pili, nilichokuwa nimempa afue, kimewekwa kizingitini mwangu. Hakikufuliwa. Alama ya jasho langu ilikuwa pale pale shingoni.

Niligonga kwake. Nilitaka kumweleza sheria, maskini mimi. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa, kisha akauliza polepole, akiniita kwa cheo chetu mawakili:

"Metre, ile siku nyumba yangu iliunguwa, we ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa Bwiza, mama."

"Basi haukukuwa pale. Benye walikuwa pale mi nabajua. Sasa iyo 'sisi' yako ni ya nani?"

Nilikikunja kile kitambaa kichafu mkononi.

"Mutetee," akasema. "Mi sikukatazi. Ata ule ni mutoto wa mutu. Lakini usijitie ndani ya moto yenye haukuwasha, juu mi nitashindwa kukusalimia."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu. Nililia chumbani kwangu, mtu mzima na shahada yangu ukutani. Nikakifua kitambaa mwenyewe, na kikakauka kimejikunja kama jani la mgomba.

Kikao kilichofuata niliingia nacho hivyo hivyo, nikasema "mteja wangu". Mheshimiwa alinivuta mkono, akaninong'oneza kwa uchungu, "Metre, juzi tulikuwa sisi. Leo nimebaki peke yangu?"

Nikamjibu, "Hujabaki peke yako. Niko nawe mpaka mwisho. Lakini maneno uliyasema wewe."

Nilimpigania kweli. Hotuba moja waliyomshtakia nilithibitisha kwamba hakuitoa yeye, na korti ikaifuta. Ile nyingine ilikuwa yake, na kwayo akafungwa. Aliponiaga alinishika mkono kwa muda mrefu. Sikujua ananishukuru au ananilaumu, na huenda yeye pia hakujua.

Nilirudi Bwiza kwa miguu. Mama Espe alikuwa mlangoni, pasi inatoa moshi. Hakuniuliza habari ya hukumu. Alinyoosha mkono tu, akasema, "Lete iyo kitambaa. Unatuaibisha."

"Unatuaibisha", mwanangu. Mimi na yeye tulikuwa tena upande mmoja.

Kwa hiyo nakuusia. Usimkimbie mtu kwa sababu watu wanamchukia, kwani anayechukiwa ndiye mwenye haja zaidi ya wakili. Mpe akili yako, mpe usiku na mchana wako, mpe hata huruma yako. Ila neno "sisi" usimpe. Hilo wawekee wale utakaorudi kuishi nao kesi ikiisha, na ukisimama kortini kumbuka kwamba wanakusikia kutoka benchi la mwisho.

Mungu akupe ulimi mzito pale unapotaka kuteleza, na mwepesi pale mnyonge anapokutegemea. Akupe na jirani wa kukurudishia kitambaa kichafu. Nenda, mwanangu, usimame wima. Amina.