Nani Aliniteua Mgeni Rasmi?

Leo saa tisa alasiri nimepoteza nafasi yangu ya ufungaji kwenye timu ya netiboli ya kina mama wa mtaa wetu hapa Karatu.

Hakuna aliyeniambia mapema. Nimefika uwanjani na raba zangu, nakuta nimewekewa kiti chenye kitenge na taji la maua.

"Mwalimu, leo wewe ni mgeni rasmi," kapteni wetu Paskalina akaniambia. "Umestaafu mama, pumzika."

Nimestaafu chaki, jamani! Goli nimestaafu lini?

Kumbe jezi yangu ya mfungaji kaivaa yeye mwenyewe. Ana nusu ya umri wangu, lakini kwenye mipira mitano anaingiza mmoja. Mimi huingiza minne. Hesabu hiyo nilimfundisha mwenyewe darasa la nne.

Basi nikakaa. Kina mama wa Mang'ola, walioshuka kwenye lori la vitunguu wakiimba, wakatufunga mpaka nikaona aibu kupiga makofi.

Mapumziko nikaombwa neno la mgeni rasmi.

Nikavua yale maua, nikamvisha Paskalina.

"Neno langu ni fupi. Umechoka mwanangu, kaa."

Uwanja mzima vigelegele! Nikaingia, tukasawazisha. Magoti yanawaka moto, siwafichi.

Sasa Paskalina, najua unasoma. Jumamosi tunarudiana kwao Mang'ola. Nacheza au sichezi? Nijibu hapa hapa, mbele za watu, kabla ya saa mbili usiku huu.

Na usiniwekee vikatuni vya kucheka. Andika neno moja.